Gari za rimoti 1/10 (moja ya kumi ya gari halisi): kabla hujanunua mota kubwa, hesabu meno ya gia (uzi)

meno_sabini

Wakuu, swali la "ninunue mota gani?" linarudi kila mara, na mara nyingi jibu halipo dukani bali kwenye meno ya gia. Natumia TT-02 ya Tamiya kama mfano kwa sababu wengi ndiyo wanaanzia hapo: ilitoka 2013, inavuta tairi zote nne kwa shafti, chasisi ya plastiki.

Kutoka kwenye boksi ina gia kubwa ya meno 70 na piniani (gia ndogo ya kwenye shafti ya mota) ya meno 22. Kwenye difu kuna punguzo jingine la 2.6. Hesabu: 70 ÷ 22 × 2.6 = 8.27. Yaani mota inazunguka mara 8.27 ndipo tairi lizunguke mara moja.

Tairi la barabarani la 1/10 lina kipenyo cha milimita 63 au 64, mzingo wake kama milimita 200. Gawanya 200 kwa 8.27, unapata milimita 24.2: hapo ndipo gari linafika kila mota ikizunguka mara moja. Ikizunguka mara 15,000 kwa dakika, hizo ni mita 363 kwa dakika, au kilomita 21.8 kwa saa. Ukifunga brashilesi (mota isiyo na brashi) ya kV 3000, yaani mizunguko 3000 kwa kila volti, kwenye betri ya volti 7.4, mizunguko ni 22,200, na gari linafika kama kilomita 32 kwa saa kabla hujatoa upepo na msuguano.

Piniani peke yake inabadilisha hivi, gia kubwa ikibaki 70:
meno 20 = 9.10
meno 22 = 8.27
meno 24 = 7.58
meno 25 = 7.28

Namba ikishuka, mwendo wa mwisho unapanda na mchomoko unapungua. Piniani ni kipande kidogo cha bei nafuu, kwa hiyo anzeni nacho.

gesi_mwisho

Mkuu, basi si niweke 25 moja kwa moja? Kuna ubaya gani?

meno_sabini

Ubaya ni joto. Toka 8.27 kwenda 7.28 umeongeza mwendo asilimia 13.6. Lakini ili tairi lisukume kwa nguvu ile ile, mota sasa inavuta ampea zaidi kwa kiwango hicho hicho, na joto kwenye waya za mota linakua kwa mraba wa ampea. 1.136 mara 1.136 ni 1.29. Umepata mwendo asilimia 14, umelipa joto asilimia 29. Kwenye uwanja mdogo wenye kona nyingi hata hiyo 14 huioni, maana gari linaanza upya kila kona na halifiki mwendo wa mwisho.

Panda jino moja moja. Kimbiza dakika 3, simamisha, pima mota hapo hapo kwa kipimajoto cha mionzi, upande wa nyuma kwenye chuma, si kwenye lebo. Chini ya nyuzi 70, ongeza jino. Kati ya 70 na 80, acha ilivyo. Juu ya 80, punguza. Ikigusa 90 na kuendelea, sumaku zinaweza kuanza kupoteza nguvu, na hazirudi hata mota ikipoa.

kemba_hasi

Naomba niongezee hapo kwa sisi wa pwani. Jedwali nyingi za gia mtandaoni zimepimwa na watu wa Ulaya wakiwa kwenye nyuzi 20. Mota haipandi mpaka joto fulani, inapanda *juu ya* joto la hewa. Mota iliyosimama 65 kwao imepanda 45. Ileteni Dar au Mombasa mchana wa nyuzi 32, gia ile ile, inasimama 77. Kwa hiyo jedwali likisema piniani 25, anza na 23.

Na msidanganywe na feni. Feni inapooza ganda; waya za ndani zinachelewa kufuata. Gia ikiwa mbaya, feni inakuchelewesha tu kujua.

fundi_mwembe

Kabla mtu hajakimbilia kubadilisha piniani, aangalie saizi ya meno. Tamiya wanatumia moduli 0.6. Gia zinazouzwa kama "48" ni sawa na moduli 0.53, na "64" ni 0.40. Ukikutanisha piniani ya 48 na gia kubwa ya 0.6, kwa jicho zinaonekana zimeingiana, lakini gia kubwa ya plastiki italiwa ndani ya betri moja.

Shafti ya mota za saizi 540 ni milimita 3.17. Ya mota za 1/8 ni 5. Angalieni kabla ya kulipia.

Kufunga:

Geuza shafti mpaka ule upande uliopigwa bapa ukutane na skrubu ya piniani. Skrubu ikikaza kwenye mviringo itateleza, na mota italia bila gari kusogea.

Safisha uzi wa skrubu kwa spiriti, weka tone dogo la gundi ya skrubu ya bluu. Hiyo gundi ni ya chuma kwa chuma peke yake. Ikigusa plastiki ya chasisi inaipasua taratibu.

Chana kipande cha karatasi ya daftari, pitisha katikati ya meno ya piniani na gia kubwa, sukuma mota mpaka ikae, kaza, kisha zungusha gia karatasi itoke. Karatasi iwe imejikunja kama kodiani bila kukatika. Ikikatika, umebana sana. Ikitoka laini haina alama, umeachia sana. Hii ni kwa chasisi ambazo mota inateleza kwenye tundu refu. Penye matundu maalum fuata namba ya meno iliyoandikwa kwenye kitabu cha kuunganishia.

Sikiliza. Gia zilizobana zinalia kwa mlio mwembamba hata gari likiwa hewani. Zilizoachia zinakereketa pale unapoachia gesi ghafla.

Bonasi: bisibisi. Skrubu za Tamiya zenye alama ya msalaba ni za kipimo cha Kijapani cha JIS. Bisibisi ya kawaida ya nyota inaruka na kuzikwangua kichwa. Na ukirudisha skrubu kwenye plastiki, izungushe kinyume kwanza mpaka usikie inadondoka kwenye uzi wake wa zamani, ndipo ukaze. La sivyo unachonga uzi mpya kila ukifungua, na mara ya tatu au ya nne tundu limeisha.

gesi_mwisho

Asante fundi. Nyie watu wa hesabu mnazunguka sana lakini. Weka 3S, habari imeisha.

kemba_hasi

Habari inaisha kweli, ila siyo unavyofikiri 😂

3S ni betri ya seli tatu, volti 11.1 badala ya 7.4 ya seli mbili (2S), mara moja na nusu. Mota inataka kuzunguka mara moja na nusu, gia haijabadilika, na ukibana gesi ukiwa umesimama ampea nazo zinapanda kiasi hicho, kwa hiyo joto la waya linafika mara 2.25. Halafu upepo: nguvu ya kuukata inakua kwa mchemraba wa mwendo, 1.5 × 1.5 × 1.5 ni karibu 3.4. Vyote hivyo vinapita kwenye difu na ekseli zilizotengenezewa mota ya boksi. Kingine, soma ubavuni mwa ile kontrola ya mwendo, ESC. Imeandikwa inabeba seli ngapi. Nyingi za bei ya chini zikiwa na mota ya brashi zinakubali 3S kwa mota yenye raundi nyingi za waya tu, na sharti hilo limeandikwa kwa herufi ndogo.

Ukitaka 3S, punguza piniani kwanza, pima joto, na uwe na eneo. Kwenye uwanja wa mpira wa kikapu 3S haina kazi.

binti_seli

Kwa kuwa mmefika kwenye betri, niweke yangu kabla hamjaunguza nyumba.

Seli moja ya lipo (betri ya lithiamu-polima), kwa volti: 4.2 ikiwa imejaa, 3.7 ya kuandikwa kwenye lebo, 3.8 ya kuhifadhia, 3.0 ndiyo ukingo wa shimo. Msiende mpaka ukingoni. Weka kikomo cha ESC kwenye 3.3 au 3.4 kwa seli. ESC nyingi za kuanzia zina kijumpa chenye upande wa lipo na upande wa NiMH (betri za nikeli). Kikiwa upande wa NiMH, ESC haiilindi lipo yako, itaivuta mpaka ife.

Kuchaji ni 1C: betri ya mAh 5000 chaji kwa ampea 5, ya 3200 kwa ampea 3.2. Daima na waya mweupe wa kusawazisha seli umechomekwa. Chaja ikiwa kwenye programu ya NiMH na betri ni lipo, chaja inangoja dalili ya kujaa ambayo lipo haiitoi, inaendelea kusukuma umeme, na hapo ndipo moto unapotokea. Soma kioo kabla ya kubonyeza kuanza. Chaji juu ya kigae au sakafu ya saruji, si kitandani, si juu ya zulia, na usiondoke.

Betri iliyovimba haichomwi sindano "itoe gesi". Ishushe volti taratibu, itoe kwenye matumizi.

Betri imekaa zaidi ya siku mbili tatu bila kazi? Irudishe 3.8 kwa seli. Lipo iliyojaa ikikaa kwenye chumba cha nyuzi 33 inachakaa upesi, hata kama hujaitumia hata mara moja.

Plagi ile nyeupe ya zamani ya Tamiya inatosha kwa mota ya boksi. Kwa brashilesi inapata joto, plastiki inalainika, pini zinarudi nyuma. Badilisha iwe T au XT60. Ukikata waya za betri kata MMOJA, tia risasi, funika, ndipo uende wa pili. Mkasi ukipita kwenye waya zote mbili kwa pamoja umeunganisha chanya na hasi, na lipo haikusubiri uombe radhi. Pasi ya kuchomelea iwe wati 60 au zaidi. Ndogo inakaa muda mrefu kwenye waya na joto linasafiri mpaka kwenye seli.

kona_ya_tatu

Wakuu, swali la uendeshaji. TT-02, shokapu za mafuta, sakafu ya lami. Kona za kushoto linatupa mkia, kona za kulia linasukuma pua. Tairi mpya zote nne. Nimebadilisha springi za mbele, bado. Nianzie wapi?

mzee_shokapu

Hapo springi umezionea bure, kijana wangu. Gari likiwa na tabia mbili tofauti kushoto na kulia, si seti, ni mkunjo. Uzito umelala kwenye mshazari mmoja, tairi mbili za pembe zinabeba kuliko wenzao. Fuata hivi, kwa mpangilio:

Kwanza usukani. Washa redio, kata mpaka mwisho kushoto, pima pembe ya tairi. Kata kulia, pima tena. Zikitofautiana, rekebisha kwenye EPA ya redio (mpaka wa mwisho wa usukani), upande kwa upande. Hakikisha servo (kile kimota kinachokata usukani) ikiwa katikati mkono wake umesimama wima. Trimu ya redio ni ya kumalizia milimita, haikuwekwa kuficha mkono uliokaa mshazari.

Pili, mikono ya chini. Fungua shokapu zote nne upande wa chini. Inua kila mkono na uachie. Uanguke wenyewe kwa uzito wake. Ukikwama katikati, pini imepinda au skrubu imekazwa kupita kiasi. Mkono mmoja unaokwama unatosha kuleta hiyo tabia yote.

Tatu, mnyooko wa chasisi. Weka gari kwenye kigae bapa au kioo, betri ndani, bodi nje. Bonyeza pembe kwa pembe usikie kama linacheza. Kwenye TT-02 legeza skrubu za sahani za juu, bonyeza chasisi ilale bapa, kaza tena kwa mshazari kidogo kidogo, kama unavyokaza nati za rimu ya gari kubwa.

Nne, kipimo chenyewe. Chukua wembe au rula nyembamba ya chuma, iweke chini ya chasisi katikati kabisa mbele, inua polepole. Tairi mbili za mbele ziachie kigae kwa wakati mmoja. Rudia nyuma.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukiinua mbele na tairi la kushoto likachelewa kuondoka, usiguse springi za mbele. Mbele umeishika wewe kwenye nukta moja. Kinachoamua gari lilale upande gani ni springi mbili za nyuma. Ongeza kidogo ubano wa springi ya nyuma kushoto, au legeza ya nyuma kulia, kisha pima upya. Ukiinua nyuma, kinyume chake: unarekebisha mbele.

Kabla ya hatua hiyo ya nne hakikisha urefu wa kushuka kwa mikono ni sawa kushoto na kulia, la sivyo kipimo kinakudanganya.

kona_ya_tatu

Mbele kushoto ndiyo inachelewa, kwa karibu milimita 3. Ubano wa springi za nyuma kwa macho uko sawa pande zote.

mzee_shokapu

Basi fungua shokapu za nyuma, weka springi pembeni, bonyeza shafti mpaka ndani na uachie. Zote mbili zirudi nje kwa urefu ule ule na kwa mwendo ule ule. Inayorudi kwa nguvu ina mafuta mengi, inaongeza springi usiyoiona. Pima na urefu wa shokapu kutoka jicho hadi jicho. Kichwa cha chini kikiwa kimezungushwa raundi moja zaidi upande mmoja, umeshapata hiyo milimita.

Kuzijaza upya: shafti vuta mpaka chini, mimina mafuta karibu na ukingo, pandisha na kushusha pistoni polepole bila kuitoa juu ya mafuta, kisha simamisha wima dakika 10 povu lipande. Ongeza mafuta mpaka yatengeneze kilima kidogo ukingoni, laza mpira, funga kifuniko huku shafti ikiwa imeingia nusu, mafuta ya ziada yatoke. Fanya nusu ile ile kwa zote mbili, pima kwa rula.

Na mafuta yanunuliwe kwa cSt, kipimo cha uzito wa mafuta. Ile "35wt" ya kampuni moja si lazima iwe sawa na 35wt ya nyingine, ila cSt 400 ni 400. Mafuta yanalainika kwenye joto, kwa hiyo seti iliyoandikwa cSt 350 kwa baridi ya Ulaya, huku wekeni 400 au 450.

kona_ya_tatu

Kichwa cha chini, raundi mbili. Sasa zinaachia pamoja, na kushoto na kulia tabia ni moja: linasukuma pua kidogo, kote kote.

mzee_shokapu

Hilo sasa ndilo swali la springi 😀 Linasukuma likiingia kona au likitoka?

Likiingia: springi laini zaidi mbele, au tairi za mbele zitazame nje digrii 1. Likitoka ukiwa unavuta gesi: springi ngumu kidogo nyuma, uzito usikimbilie nyuma wote, na angalia difu. Difu za TT-02 hazina sili, mafuta ya maji maji yatavuja. Jaza grisi nzito sana ya silikoni kwenye ya mbele ili ibane, tairi la ndani lisizunguke bure na gari livutwe na pua. Ya nyuma iache nyepesi, kwa sababu ya nyuma ikibana sana unarudi kwenye kutupa mkia. Kemba (tairi kuinamia ndani au nje ukilitazama kwa mbele) anza na digrii hasi 1.5, yaani juu ikiinamia ndani, mbele na nyuma, halafu soma tairi: likilika ndani peke yake, punguza.

Kitu kimoja kwa wakati, raundi tano, andika.

binti_seli

Kuandika ni muhimu, na saa nayo. Wengi wanasema "gari limekuwa zuri" kwa sababu linafurahisha kuendesha, wakati saa inasema limepungua.

Mbio za umeme za 1/10 huwa ni dakika 5: muda ukiisha unamalizia raundi uliyonayo. Dereva A anapiga sekunde 18.0 bila kugonga. Raundi 17 ni sekunde 306. Dereva B ana gari la kasi, sekunde 17.5, lakini amepinduka mara mbili, kila mara sekunde 8 kungoja mtu wa pembeni amsimamishe. 17 × 17.5 ni 297.5, jumlisha 16, ni 313.5. Kapitwa kwa sekunde saba na nusu na gari la polepole zaidi. Asingepinduka angevuka mstari kwenye 297.5, ndani ya muda, akapata raundi ya 18. Mota ya A haikubadilishwa.

gesi_mwisho

Sawa, nimeelewa, mmenishinda. La mwisho: ufukweni inafaa? Mchanga umebana vizuri maji yakitoka.

fundi_mwembe

Inafaa kwa gari, haifai kwa beringi. Mchanga wa bahari unasaga, na chumvi inabaki ikivuta unyevu usiku kucha. TT-02 ya boksi ina bushi, za plastiki na za chuma. Mchanga ukiingia zinakula ekseli. Weka beringi 16 za 5×11×4, zenye kifuniko cha mpira, siyo cha chuma, maana cha chuma kina upenyo pembeni.

Ukirudi: toa betri, futa vumbi kwa brashi kavu, suuza sehemu za chini kwa maji baridi ya bomba ukiikwepa ESC, risiva na servo, pulizia upepo, kisha tone moja la mafuta mepesi kila beringi. Usiku huo huo. Asubuhi utakuta zimeanza kutu.

Mota ya brashi usiiendeshe mchangani kabisa: ina matundu ya hewa, mchanga unakaa kati ya brashi na komutata.

gesi_mwisho

Na kwa nini maduka ya nje yanakataa kutuma lipo, gari lenyewe wanatuma?

binti_seli

Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria. Kwenye ndege za mizigo zinapita, ila chaji isizidi asilimia 30 na makaratasi yake ni mengi, muuzaji mdogo haoni faida. Ndiyo maana nyingi zinakuja kwa meli au mkononi mwa msafiri. Ukimwagiza mtu: mkoba wa mkononi tu, kamwe si begi la chini ya ndege, na plagi ifunikwe kwa tepu. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri. 2S ya mAh 5000 ni 7.4 × 5 = 37, hiyo inapita. Mwambie aibebe ikiwa kwenye 3.8 kwa seli au chini kidogo, na lebo isomeke, kwa sababu mkaguzi anasoma lebo, hapimi.